Kutengeneza roboti anayeitikia hisia za mtu: kamera iache mwisho

Nimeulizwa hili swali mara nyingi mpaka nimeona bora niliandike sehemu moja: nataka kutengeneza roboti, au hata chatboti tu (programu ya kuchati na mtu), ajue mtu akiwa na huzuni au hasira na amjibu vizuri, nianzie wapi? Na karibu kila anayeuliza ameshanunua kamera. Ameshapakua modeli ya kusoma nyuso, yaani programu iliyofundishwa kwa mifano mingi ya picha, akanuna mbele ya kompyuta ikaandika "hasira", akacheka ikaandika "furaha", basi anaona kazi kubwa imeisha. Mi nilianza hivohivo. Ya kwanza yangu ilikuwa kichwa cha plastiki chenye mota mbili na kamera kwenye paji la uso, nikawa nakiita kiroboti, watu wakasikia kiroboto, jina likabaki hilo. Siku moja shangazi yangu alikuja akakisogelea bila miwani, akakunja uso ili aone vizuri ni kidude gani, Kiroboto kikamwambia kwa sauti ya upole kabisa: "Naona umekasirika, unataka tuongee?" Hakuwa amekasirika. Alikasirika baada ya hapo.

Kwa hiyo hapa tunaenda kinyumenyume. Tunaanza na majibu, afu hali ya ndani ya roboti, afu maneno na sauti, afu mwili, kamera inakuja mwisho kama itakuja kabisa. Sababu ni moja tu: muda mwingi chombo chako hakitajua mtu anahisi nini, na uzuri wake utaonekana hapohapo, kinafanya nini kikiwa hakijui.

Kwanza nikutoe imani na uso

Wazo kwamba kila hisia ina sura yake ni la zamani, Darwin aliliandikia kitabu kizima mwaka 1872, na miaka ya 1960 mwanasaikolojia Paul Ekman akaenda Papua New Guinea kwa watu wa Fore akiwa na picha za nyuso, na hoja yake ikawa kwamba kuna hisia sita ambazo binadamu wote wanazionyesha kwa sura zilezile: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao na kinyaa. Mwaka 1978 yeye na Wallace Friesen wakatoa mfumo wa kusoma misuli ya uso unaoitwa FACS, kila mjongeo una namba yake, mfano namba 12 ni kona za mdomo kupanda, namba 6 ni mashavu kuinuka, zikija pamoja ndo lile tabasamu linaloitwa la Duchenne, linalosemekana ni la furaha ya kweli. Sina ugomvi na FACS, wenyewe unakwambia msuli gani umesogea basi. Ugomvi unaanza mtu akitoka kwenye msuli akaruka moja kwa moja mpaka moyoni. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake wanne walipitia makala za utafiti zaidi ya 1,000 kuhusu jambo hili, wakakuta huo uhusiano ni wa kuyumba, wenye hasira wanakunja uso chini ya mara 3 kati ya 10, na anayekunja uso anaweza kuwa anafikiri, tumbo linamuuma, au kaacha miwani nyumbani, salamu kwa shangazi.

Na data zenyewe za kufundishia modeli ziangalie kwa macho yako kabla hujaziamini. FER2013, ambayo wengi wanaanza nayo, ina picha 35,887 zisizo na rangi, pikseli 48 kwa 48, lebo saba, na binadamu wenyewe wakipewa wazitambue wanapatia asilimia 65 hivi. Yaani modeli inajifunza kubashiri aliyebandika lebo alidhani nini, mwenye uso hakuna aliyemuuliza.

Afu kuna hesabu ambayo watu wanairuka. Tuseme umepata modeli nzuri sana, inakamata hasira mara 9 kati ya 10, na mtu asiye na hasira inamsingizia mara 1 tu kati ya 10. Tuseme katika vipande 1,000 vya maongezi, 50 ndo vina hasira kweli. Itakamata 45. Lakini kwenye wale 950 waliobaki itasingizia 95. Kengele 140, za uongo 95! Roboti wako atakuwa anauliza watu "mbona umekasirika" na mara nyingi anakosea, na swali lenyewe unalijua, ukimuuliza mtu aliyetulia mara mbili mbona umekasirika, ya tatu anakuwa amekasirika kweli.

Chukua karatasi, andika majibu

Zima kompyuta. Andika hali kama 15 au 20 ambazo mtumiaji wako atakutana nazo na chombo hiki, hali halisi, usiandike "mtu ana huzuni", andika "ameuliza kitu kilekile mara ya tatu", "ameacha sentensi katikati", "amejibu neno moja wakati kawaida anajibu mistari mitatu", "ameandika saa nane usiku". Hivi ni vitu ambavyo programu inaviona bila kubahatisha. Mbele ya kila hali andika maelezo mawili au matatu yanayowezekana. Ameuliza mara ya tatu: labda ana hasira, labda ana haraka, labda jibu lako halikueleweka. Sasa tafuta jibu ambalo ni zuri kwa yote matatu. Fupisha, acha utani, eleza kwa njia nyingine, mpe njia ya kutoka au ya kumpata mtu. Kama alikuwa na hasira umemtuliza, kama alikuwa na haraka umemsaidia, kama hakuelewa ameelewa. Hukuhitaji kujua lolote la moyoni mwake.

Mi hayo nayaita majibu yanayovumilia kosa na nakushauri asilimia kubwa ya karatasi yako yawe hayo. Yale yasiyovumilia kosa, mfano kuimba wimbo wa furaha, kutania, kumkumbatia mtu kama roboti ana mikono, yawekee masharti magumu au yasubiri mtu ayaombe mwenyewe.

Na kanuni moja usiivunje: roboti asimtajie mtu hisia yake. "Naona una huzuni" futa. "Naelewa kabisa unavyojisikia" futa mara mbili, hakielewi na mtu anajua hakielewi. Kama mtu mwenyewe ametaja, "leo nimechoka na hii kazi", hapo unaweza kumrudishia maneno yake, "kazi ya leo imekuchosha", na uishie hapo umpe nafasi. Kurudisha maneno ni ujanja wa zamani mno, ELIZA, programu ya maongezi ya Joseph Weizenbaum pale chuo cha MIT Marekani, ilifanya hivyo mwaka 1966 kwa maandishi matupu, na Weizenbaum alishangaa katibu wake, aliyemwona akiijenga miezi yote ile, anamwomba atoke chumbani ili aongee nayo faragha. Kumbuka hilo kila ukitaka kuongeza madoido, watu wanafunguka kwa kitu kidogo sana, kwa hiyo mzigo wa kuwa makini uko kwako.

Hali ya ndani: namba mbili zinatosha

Usimjengee roboti hisia sita ndani. Chukua njia ya James Russell ya mwaka 1980 ambapo hisia inakaa kwenye ramani yenye pande mbili, utamu (kutoka -1 uchungu mpaka 1 utamu) na msisimko (kutoka 0 usingizi mpaka 1 moto). Hasira ni chungu na moto, huzuni ni chungu na baridi, furaha ya kuruka ni tamu na moto, utulivu ni tamu na baridi. Roboti anabeba namba hizo mbili za kwake mwenyewe, matukio yanazisukuma, na muda unazirudisha katikati. Kurudisha ni rahisi, kila sekunde punguza umbali kwa asilimia 10, baada ya sekunde 7 hivi imebaki nusu, baada ya 22 imebaki kama sehemu ya kumi. Ukikosa huu mrejesho utapata kile nilichopata mimi, Kiroboto kilisikia kelele moja ya mlango kikakaa na hofu siku nzima.

Kismet, kichwa cha roboti alichojenga Cynthia Breazeal pale MIT mwishoni mwa miaka ya 1990, kilikuwa na kitu kizuri cha kuiga juu ya hapo: mahitaji matatu, la watu, la vitu vya kuchezea na la kupumzika. Ukikaa mbali hitaji la watu linapanda anakutafuta kwa macho, ukimzidishia unamchosha anageuza uso. Hapo mtu anajirekebisha mwenyewe bila kuambiwa, anarudi nyuma kidogo, anapunguza kelele. Tabia inatoka kwenye mizani ya ndani, na mtu anaisoma kama hisia. Hiyo ni mistari michache ya programu na inakupa uhai kuliko modeli yoyote ya kamera.

Maneno: hapa Kiswahili kitakuumbua

Kama chombo chako kinaongea Kiswahili usichukue orodha ya maneno ya hisia ya Kiingereza ukaitafsiri. Nimefanya hivyo. Ukanushi wetu uko ndani ya kitenzi, kwa hiyo programu inayotafuta "furah" itakuta furaha kwenye sijafurahi, sikufurahi, nisingefurahi na hainifurahishi, zote nne inazihesabu raha. Lazima ukate neno uangalie kiambishi cha mwanzo, si-, ha-, hu-, na -singe- katikati, kabla hujaamua (na hu- ina mtego wake, "hufurahi" inaweza kuwa wewe hufurahi au yeye hufurahi kila siku, hapo angalia sentensi nzima au achana nayo). Afu hisia nyingi hazitajwi kwa jina, zinatajwa kwa moyo na roho: roho juu, roho inaniuma, moyo mzito, nimevunjika moyo, moyo unaenda mbio. "Nimechoka" yenyewe inaweza kuwa miguu, inaweza kuwa maisha. Na kejeli, "safi sana, imezima tena", modeli inasoma safi sana inashangilia.

Data zipo lakini jua zina nini. GoEmotions ya Google ya mwaka 2020 ina maoni 58,000 ya Reddit yenye hisia 27 pamoja na lebo ya kutokuwa na hisia, ni nzuri, ni ya Kiingereza. AfriSenti ya 2023 ina twiti za lugha 14 za Afrika na Kiswahili kimo, ila lebo zake ni chanya, hasi na katikati, hiyo ni hukumu ya maneno, hisia yenyewe hujaipata. Kwa kuanzia inatosha kabisa kusukuma ile namba ya utamu.

Siku hizi wengi mnaweka modeli kubwa ya lugha, kama ile ya ChatGPT, ndo ijibu, sawa, lakini iandikieni maagizo yanayobana. Isiachwe itoe "pole sana" kwa kila kitu, nimeona chatboti inampa mtu pole kwa kusahau nywila na pole ileile, herufi kwa herufi, kwa kufiwa. Maagizo yangu mimi ni mafupi: usitaje hisia ambayo mtu hajaitaja, pole moja kwa mazungumzo na iwe ya jambo lenye uzito, jibu lisizidi urefu wa alichoandika mtu mara mbili, uliza swali moja au usiulize, na usikubaliane naye ili tu ajisikie vizuri. Hilo la mwisho ndo gumu, hizi modeli zinapenda kumsifia mtu. Na maneno ya kutaka kujiumiza au kujiua yasiachiwe modeli kubuni, andika jibu la kudumu mapema, lipitiwe na mtu wa afya ya akili, limuunganishe na binadamu, na ulijaribu kila ukibadilisha toleo.

Sauti nitapita haraka. Sauti inakupa msisimko vizuri na utamu vibaya, maana mwenye hasira na mwenye furaha wote sauti inapanda, inakuwa na nguvu na kasi. Maandishi ni kinyume chake, kwa hiyo vitumie pamoja. Programu ya kupima sauti kama openSMILE ina kifurushi cha vipimo 88 kinaitwa eGeMAPS, anza nacho. Cha muhimu linganisha mtu na yeye mwenyewe, chukua wastani wa dakika zake za kwanza, kuna watu wanaongea kwa kelele wakiwa na amani kabisa. Na ukifundisha kwa RAVDESS, mkusanyiko wa sauti zilizorekodiwa, ujue unafundisha kwa waigizaji 24 wanaosema sentensi mbili tu za Kiingereza, "watoto wanaongea mlangoni" na "mbwa wamekaa mlangoni". Mtu halisi hakasiriki kwa mpangilio hivyo.

Mwili: muda kwanza, sura baadaye

Watu wakiongea, pengo kati ya mmoja kumaliza na mwingine kuanza ni kama milisekunde 200, utafiti wa mwaka 2009 uliopima lugha 10 ulikuta zote zinazunguka humo. Roboti wako anatuma sauti kwenye seva, anasubiri, anarudi baada ya sekunde mbili au tatu, na kimya hicho mtu anakisoma kama kununiwa. Huwezi kuharakisha jibu, lakini unaweza kutenganisha kusikia na kujibu: mtu akinyamaza tu, ndani ya robo sekunde kichwa kiiname kidogo au kope zishuke zipande, hiyo isipite kwenye seva kabisa, iwe kwenye chipu hapohapo. Badiliko hili moja lilifanya watu waseme Kiroboto "kimeanza kusikiliza", na nilikuwa sijagusa modeli.

Baada ya muda, kope. Mdomo achana nao, unagharimu mota na ukikosea sekunde kidogo unatisha. Kope za kushuka nusu, kichwa kuinama, na pumzi, yaani mwili kupanda na kushuka taratibu, kasi ya pumzi ifuate ile namba ya msisimko na kimo cha kichwa kifuate utamu. Basi. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara vikizunguka, na watazamaji wakasimulia ugomvi, uonevu na kukimbia, kwa maumbo matupu. Mota usiziache ziruke kutoka nafasi moja kwenda nyingine, zianze polepole zimalize polepole, mota za bei rahisi zikienda ghafla zinalia na mlio huo unaua kila kitu ulichojenga.

Na usimpe ngozi ya mtu. Masahiro Mori aliandika mwaka 1970 kuhusu lile bonde ambapo kitu kikikaribia sana kufanana na binadamu bila kufika kinachukiza, na hata kama watafiti wanabishana bonde lina umbo gani, wewe huna bajeti ya kulivuka. Takanori Shibata wa Japani alipomtengeneza roboti Paro alianza kuwaza mbwa na paka akaishia na mtoto wa sili, mnyama wa bahari za baridi, kwa sababu watu wachache wamewahi kumshika sili, hawana cha kumlinganisha nacho. Paro haongei hata neno, na mwaka 2009 Marekani ilimwidhinisha kama kifaa cha tiba.

Kujaribu

Kabla hujaandika programu yote, mfiche rafiki chumba cha pili aendeshe roboti kwa mkono kwa kufuata karatasi yako ya majibu, aliye mbele ya roboti asijue mpaka mwisho (mwisho mwambie). Wabunifu wanafanya hivi tangu miaka ya 1980 na kwa alasiri moja utajua majibu gani ni ya kijinga. Usimuulize mtu "ulimpenda roboti?", atakwambia ndiyo kwa adabu. Tumia picha za SAM ambazo Margaret Bradley na Peter Lang walizieleza mwaka 1994, kikatuni kinachobadilika kutoka kununa mpaka kucheka na kutoka kusinzia mpaka kulipuka, mtu anachagua kabla na baada, hakuna neno la kutafsiri. Na uhesabu vitu vinavyoonekana, alirudia sentensi mara ngapi, aligeuka pembeni mara ngapi, alimzima dakika ya ngapi. Afu rudia baada ya wiki tatu, maana siku ya kwanza kila mtu anacheka, upya wa kitu unadanganya kila kipimo.

Haya sasa, kamera

Kama bado unaitaka, itumie kwa mambo inayoyaweza: kuna mtu au hakuna, anaangalia huku au kule, yuko karibu kiasi gani. Hayo matatu yanalisha yale mahitaji ya ndani vizuri. Picha zichakatwe ndani ya kifaa na zisihifadhiwe, taa iwake kamera ikiwa wazi, na swichi iwe ya kukata waya kweli, menyu peke yake haitoshi. Ukitaka kuuza kitu cha kusoma hisia kwa uso au sauti kwa ajili ya wafanyakazi au wanafunzi, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku tangu tarehe 2 Februari 2025 isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, na Microsoft walitangaza mwaka 2022 kuiondoa hiyo huduma kwenye Azure, huduma yao ya kompyuta za mtandaoni, kwa hiyo pima vizuri kabla ya kumwaga hela.

Kiroboto changu bado kina kamera palepale kwenye paji. Nimeibandika utepe mweusi, na shangazi akija ndo wa kwanza kukisalimia.